Kabla hujarefa polo Gilgil kwa farasi wa tajiri wako

Usimpande huyo farasi! Umeandika kwamba bega limekataa, umeacha kucheza polo, mchezo huu wa kupiga mpira kwa fimbo ukiwa juu ya farasi, unataka urefa, na tajiri uliyemchezea miaka yote hiyo atakuazima farasi Jumapili, timu yake ikiwa uwanjani. Malipo na mtihani wa sheria ulivyouliza, baadaye. Farasi kwanza.

Mimi pia niliazimwa. Nilianza usaisi, kutunza farasi wa wengine, nikaja kucheza kwa mshahara, nyonga iliponishinda nikavaa fulana ya mistari ya refa. Kapteni wangu wa zamani akaniambia, "Chukua wa bosi, farasi hajui timu." Nikamwamini, maana ndiye aliyenifundisha kushika fimbo. Hadi leo nikimkumbuka nasaga meno. Farasi hajui timu, sawa, lakini aliyempanda anajua! Mla cha mwenziwe na chake huliwa, na mzee mzima kama yule alilijua hilo vizuri.

Kipindi cha mwisho, mabao sawa. Kijana wa timu ya pili anaufuata mpira kwenye mstari wake, uko kuliani kwake, haki ya njia ni yake. Bosi, naye akicheza siku hiyo, akamkata mbele. Niliona wazi, kipenga kiko mdomoni. Nikatazama chini, nikaona hatamu niliyoshika, ngozi nyekundu yenye herufi za jina la bosi kwenye kifungo. Sikupuliza. Nikajiambia pengine alikuwa na nafasi, pengine refa mwenzangu ameona. Ningempa penalti ya yadi 60 kutoka goli pale pale, angetulia. Lakini mchezaji asiyepigiwa kipenga huongeza. Dakika haikuisha akakata tena, karibu zaidi, na safari hii farasi wakagongana.

Kijana alivunjika mfupa wa bega. Farasi wake, jike la kahawia, aliinuka akasimama, mguu wa mbele unaning'inia. Daktari wa mifugo alimdunga sindano hapo hapo, masaisi wameshika turubai watu wasione. Saisi wake akaondoka uwanjani na hatamu tupu begani, halii, hasemi. Mimi ndiye niliyelia.

Jioni hakuna aliyeniuliza niliona nini. Waliuliza nilipanda farasi wa nani. Msimu mzima sikuitwa tena.

Kwa hiyo farasi wa refa atoke kwa mtu asiyecheza siku hiyo. Waambie waandalizi mapema, na uombe wawili, tena wenye mbio, kwa sababu uwanja una urefu wa hadi yadi 300 na farasi mmoja hamalizi mechi nzima akiwa na pumzi. Wakikosa, kaa pembeni uwe refa wa tatu, yule anayeulizwa wawili wa uwanjani wakipingana. Huyo hahitaji farasi hata kidogo.

Mpigie tajiri simu leo, mshukuru, umkatalie. Usingoje Jumapili asubuhi, saisi amekwisha kumfunga mkia na kumtandika.