Wasomaji Wanauliza: Kazi ya Kutia Samaki Alama

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kazi ya kukamata samaki, kuwatia alama na kuwarudisha majini ili wafuatiliwe. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, hivyo nimechagua tano. Ninazijibu kama mtu aliyeifanya kazi hii kwa misimu mingi, mtoni na baharini.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya uvuvi, na nimepata nafasi ya miezi mitatu katika kikosi kinachotia samaki alama mtoni. Darasani tumesoma fomula na majina ya vifaa, lakini hakuna aliyetueleza jinsi siku yenyewe ya kazi inavyokwenda. Nijiandae vipi, na ni kosa gani ambalo wageni hulifanya zaidi?

Hongera kwa kupata nafasi hiyo. Jiandae kwanza kuamka kabla ya jua, kwa sababu maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji yenye joto, na samaki aliyehangaika wavuni anaihitaji oksijeni hiyo kuliko wakati mwingine wowote. Vikosi makini hupima joto la maji mara kwa mara na kusimamisha kazi likipita kiwango walichojiwekea, hata kama idadi ya samaki iliyopangwa kwa siku hiyo haijafikiwa. Ukiona kiongozi wako anakunja nyavu saa nne asubuhi ilhali samaki bado wapo, usidhani ni mvivu.

Samaki wakishanaswa huwekwa katika tangi lenye pampu ya hewa, kisha mmoja mmoja huingizwa katika beseni lenye dawa ya usingizi, ambayo mara nyingi huwa ni trikaine au mafuta ya karafuu. Utakachojifunza kwa macho, wala si kwa kitabu, ni kuitambua ile nukta ambapo samaki amepoteza mizani na kulala ubavu huku matamvua yake yakiendelea kupiga kwa utaratibu. Ukimtoa kabla ya hapo atapapatika mkononi na kujiumiza, na ukimchelewesha anaweza asiamke tena. Kutoka hapo hulazwa juu ya ubao wa kupimia uliolowa, urefu wake husomwa kutoka mdomoni hadi kwenye panda ya mkia kwa milimita, hupimwa uzito, hutiwa alama yenye namba kwa sindano na kupelekwa katika beseni la kuamkia. Hatolewi humo mpaka aweze kuogelea mwenyewe na kukaa wima bila kushikwa.

Mikono yako iwe imelowa wakati wote. Kiganja kikavu huchubua ute unaomkinga samaki, na madhara yake hayaonekani siku ile, bali siku kadhaa baadaye, pale ambapo umbo la vidole vyako linapoota fangasi mweupe kama pamba. Nimewahi kumnasa tena samaki mwenye utando wa namna hiyo ubavuni, na mpangilio wa vidole vinne ulikuwa bado unasomeka. Tangu hapo sijahitaji kukumbushwa.

Kuhusu kosa la wageni, wengi huogopa sindano, kumbe kosa kubwa hufanyika kwenye karatasi. Katika msimu wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kuandika huku mwenzangu akipima na kutaja namba. Nilikuwa na haraka, sikuzirudia namba kwa sauti, na jioni tukagundua kwamba namba moja ya alama nimeiandika kwa samaki wawili wenye urefu tofauti. Hatukuwa na njia ya kujua ni yupi aliyeibeba kweli, kwa hiyo wote wawili waliondolewa katika hesabu, ingawa wote wawili walikuwa wamekwisha kukamatwa, kulazwa na kudungwa. Desturi nzuri ni hii: mpimaji akitaja “mia tatu arobaini na mbili”, mwandishi anarudia “mia tatu arobaini na mbili”, na mpimaji hamwachii samaki mpaka aitikie “ndivyo”. Andika kwa penseli juu ya karatasi isiyoharibiwa na maji, kwa maana wino hukimbia, na usifute kosa bali likate kwa mstari mmoja ili lisomeke.

Jambo la mwisho kwako: jaketi la kujiokolea livaliwe hata pale maji yanapofika magotini. Na kama kikosi chenu huvua kwa umeme, usitie mguu majini kabla ya kupata mafunzo yake maalumu, hata ukiambiwa ni kwa dakika chache tu.

Mimi ni mvuvi. Mwezi uliopita nilinasa samaki mwenye kijiti cha plastiki cha manjano mgongoni, chenye namba na maandishi madogo. Niliogopa kwamba samaki ni mali ya serikali au ana sumu, nikakikata nikakitupa. Je, nilikosea?

Hukukosea, ndugu yangu. Aliyekosea ni yule aliyemtia samaki alama katika maji unayovua bila kukufikishia habari. Mradi unaotegemea wavuvi warudishe alama huku ukiwa haujawafikia wavuvi hao haujamaliza hata nusu ya kazi yake.

Kwa kawaida alama haimbadilishi mmiliki wa samaki. Ukimvua kihalali ni wako, isipokuwa pale ambapo sheria ya eneo lako inasema vinginevyo. Kuhusu sumu, plastiki ile haina dawa, ingawa swali lako lina msingi, kwa kuwa dawa za usingizi zina masharti yake. Kwa mfano, kanuni za Marekani zinataka siku 21 zipite kabla ya samaki aliyepewa trikaine kuliwa. Kwa sababu hiyo, samaki wanaotarajiwa kuvuliwa mapema mara nyingi hutiwa alama bila dawa, kwa mikono myepesi na kwa sekunde chache.

Ninachotaka ukijue ni thamani ya kile kijiti. Chukua mfano wa bwawa ambamo samaki 200 wametiwa alama na kurudishwa, kisha wavuvi wakavua samaki 150, na kati yao 15 wakawa na alama. Mmoja katika kila kumi ana alama, kwa hiyo wale 200 wa mwanzo ni kama sehemu ya kumi ya samaki wote, na bwawa lina samaki wapatao 2,000. Sasa tuseme alama tano kati ya zile 15 zilitupwa kwa hofu kama yako. Mtafiti ataziona kumi tu, hesabu yake itampa samaki 3,000, na ataishauri mamlaka iruhusu uvuvi mkubwa kuliko bwawa linavyoweza kuhimili. Hasara yake itakuja kuonekana katika nyavu zako wewe kabla haijaonekana katika vitabu vyake.

Ukinasa mwingine, itunze alama, kisha andika tarehe, mahali, aina ya zana uliyotumia na urefu wa samaki kama una cha kupimia. Jambo usilolikumbuka, sema hulikumbuki. Tarehe ya kubuni hudhuru kuliko tarehe iliyokosekana. Miradi mingi hutoa zawadi kwa anayerudisha, na ni haki yako kuiulizia.

Watafiti nao hujipima. Katika mradi mkubwa wa kutia jodari alama katika Bahari ya Hindi, uliosimamiwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi kati ya mwaka 2005 na 2009, zaidi ya jodari 150,000 walirudishwa baharini wakiwa na alama, na sehemu kubwa ya alama zilizopatikana tena zilionekana wakati meli zikipakuliwa huko Shelisheli. Ili kujua ni ngapi zinazopita bila kutolewa taarifa, alama nyingine zilipachikwa kwa siri katika samaki waliokwisha kuvuliwa, kisha zikahesabiwa zilizorudi. Naiheshimu sana mbinu hiyo, kwa sababu inakiri kwamba hesabu ya samaki huanza na hesabu ya tabia za watu.

Je, ni lazima niwe na shahada ili nifanye kazi hii?

Hapana. Baadhi ya watu wenye mikono bora niliofanya nao kazi walikuwa wavuvi na manahodha ambao hawakuwahi kukaa chuoni. Shahada huhitajika zaidi kwa kubuni utafiti na kuchambua takwimu. Fahamu tu kwamba ajira nyingi za nyanjani ni za msimu, na uulize mapema kuhusu bima, malipo ya siku ambazo hali ya hewa imezuia kazi, na nani anagharimia mavazi ya majini.

Siku hizi zipo alama zinazotoa sauti na nyingine zinazowasiliana na setilaiti. Kwa nini bado watu wanahangaika na kipande cha plastiki?

Kwa sababu kifaa huchaguliwa na swali, si na mwaka kilipotengenezwa. Mtaalamu wa Denmaki, C. G. Johannes Petersen, aliwatia alama samaki bapa katika miaka ya 1890, na hesabu niliyomwonyesha ndugu mvuvi hapo juu hubeba jina lake mpaka leo. Swali likiwa ni wangapi waliopo, wanakua kwa kasi gani na wangapi wanavuliwa, plastiki ya bei ndogo iliyotiwa kwa maelfu ya samaki hujibu vizuri kuliko kifaa ghali kilichotiwa kwa samaki ishirini.

Chipu ndogo ya kudungwa tumboni, yenye urefu wa milimita 12 hivi, yaani kubwa kidogo kuliko punje ya mchele, haina betri, na kwa hiyo inaweza kudumu kwa maisha yote ya samaki. Udhaifu wake ni kwamba kifaa cha kuisoma lazima kiwe karibu sana, na mvuvi hawezi kuiona. Alama za redio hufaa katika maji ya mito yasiyo na chumvi, lakini maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio, na ndiyo sababu baharini hutumika zile zinazotoa mlio unaonaswa na vipokezi vilivyotegwa chini ya maji. Nazo zile za setilaiti haziwezi kuzungumza zikiwa kilindini. Hurekodi kina, joto na mwanga, kisha hujikata kutoka kwa samaki siku iliyopangwa, zikaelea na kutuma habari zake.

Kifaa ghali kina mahali pake, hilo sipingi. Kwamba mikunga wa Ulaya huzaliana katika Bahari ya Sargasso, upande wa magharibi wa Atlantiki, lilikuwa jambo lililokubaliwa kwa takriban miaka 100 kutokana na vibuu vilivyokusanywa na mtaalamu wa Denmaki, Johannes Schmidt, bila mtu yeyote kuwafuatilia mikunga wakubwa hadi huko. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya mikunga waliofungwa alama za setilaiti katika visiwa vya Azores, na baadhi yao walifika. Hakuna idadi yoyote ya vijiti vya plastiki ambayo ingetuambia hivyo.

Samaki haumii? Mimi nahisi kazi hii ni ukatili uliovikwa koti la sayansi.

Nashukuru kwa kuuliza waziwazi, na sitakujibu kwa kukupoza. Mwaka 2003 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba samaki aina ya trauti wana neva zinazotambua madhara, na kwamba tabia zao hubadilika wanapodungwa kitu cha kuwaunguza. Wataalamu bado wanabishana juu ya kiasi cha maumivu anayoyahisi samaki, lakini mimi hufanya kazi nikichukulia kwamba anaumia, kwani nikikosea kwa upande huo hakuna anayedhurika.

Ndiyo maana utafiti wa kweli huombewa kibali cha maadili kabla ya kuanza, na ombi hilo lieleze kwa nini swali haliwezi kujibiwa bila kumgusa samaki. Likiweza kujibiwa kwa kuwapima samaki waliokwisha kufika mwaloni, kwa kamera, au kwa chembe za urithi zinazopatikana katika maji yenyewe, basi alama haina nafasi. Na pale inapohitajika, baadhi ya samaki wenye alama hutunzwa tangini pamoja na wasio nazo ili ijulikane wangapi wanakufa kwa sababu yetu, na idadi hiyo iandikwe katika ripoti hata ikiwa inatia aibu.

Upo pia mpaka wa uzito. Kanuni ya zamani inasema kifaa kisizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba aina fulani hubeba zaidi bila shida na nyingine hulemewa na kidogo, lakini mimi bado huanzia hapo. Kifaa cha gramu 3 kinahitaji samaki wa gramu 150 kwenda juu. Akija wa gramu 140, mzuri kwa kila hali, tena mchana ambao tumepata samaki wachache, kishawishi huwa kikubwa. Samaki huyo hupimwa, akaandikwa, akarudishwa kama alivyokuja.