Zima feni kwanza: kwa unayeanza podikasti ya teknolojia

Kipindi changu cha kwanza kina kunguru ndani yake. Nilirekodi chumbani Kibokoni, hapa Mombasa, dirisha wazi kwa ajili ya joto, na kila nilipoanza kueleza jinsi simu inavyotafuta mnara, kunguru wa kwenye bati alikuwa na lake la kusema. Sikukifuta. Wasikilizaji wa zamani hunitania nacho mpaka leo.

La sauti nitalipitia haraka. Maiki ya bei nafuu iliyo karibu na mdomo huishinda ya ghali iliyo mbali. Zima feni (najua, utalowa jasho), funga dirisha, tundika leso na mablanketi yameze mwangwi. Rekodi baada ya Isha, watoto wakishalala na tuk-tuk zikipungua. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma, kwa hiyo maiki ikae kwenye mkebe pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kisha fikiria bando la anayekusikiliza. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hufika kama megabaiti 58 kwa saa. La kilobiti 64 ni nusu yake. Kwa maongezi matupu mimi hutumia la 64, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sasa jambo lenyewe: wasikilizaji. Katika kipindi cha nne au cha tano nilisema, kwa kujiamini kabisa, kuwa simu isichajiwe mpaka betri iishe yote, eti ndipo idumu. Usiku uleule fundi mmoja wa simu wa Majengo akanitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp: "Sheikh, hapo umewapoteza watu." Akaeleza kuwa hayo yalikuwa ya betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu huchakaa upesi zikiachwa kuisha kabisa kila mara, na adui yao mkubwa ni joto, kama simu iliyosahauliwa juani kwenye dashibodi.

Niliona haya. Nikataka kukifuta kipindi kimyakimya. Badala yake nilimwomba ruhusa, nikafungua kipindi kilichofuata kwa sauti yake, mwanzoni kabisa wala si mwishoni ambako watu washaondoka, nikakiri kosa. Wiki hiyo nilipata jumbe nyingi kuliko za vipindi vyote vilivyotangulia. Watu walikuwa wananisikiliza kama mwalimu. Walipoona nasahihishika, wakaingia barazani.

Na barazani mtu haachwi na salamu yake mkononi. Mimi hujibu kila ujumbe, hata kwa maneno matatu. Kuna kijana aliyeniuliza kwa nini bando ni ghali ilhali waya wa intaneti wa baharini wa TEAMS, uliotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, ulitua papa hapa Mombasa mwaka 2009. Swali hilo lilinipa vipindi viwili, kwa sababu waya wa baharini ni kipande kimoja tu cha safari: kuna waya za nchi kavu, minara, umeme, leseni na kodi.

Tahadhari moja. Bi mmoja alinisimulia alivyotumiwa ujumbe wa uongo wa M-Pesa, kisha akapigiwa simu arudishe pesa "zilizotumwa kimakosa". Kisa kizuri, nikakiandaa. Niliposikiliza mara ya mwisho, nikamsikia katikati akitaja nambari yake yote. Nilibakisha dakika chache tu kukirusha! Tangu hapo husikiliza kila sauti ya mtu mwanzo hadi mwisho, nakata majina na nambari, na siichezi bila idhini yake.

Yule fundi sasa huja mara moja kwa mwezi. Huketi na kikombe chake cha kahawa tungu, hunifuta jasho kwa mizaha, na kila akija lazima aulize kama kweli hiyo feni haina budi kuzimwa.