Zege linabanduka kila theluji ikiyeyuka, nipige plasta?

SWALI: Habari fundi. Barabara ya zege ya kuingilia kwetu, kila theluji ikishayeyuka nakuta juu imebanduka magamba magamba, kokoto zimebaki wazi, na kwenye jointi, pale vipande viwili vya zege vinapokutana, kuna shimo ngumi inaingia. Jirani anasema nipige plasta ya saruji juu yote. Ni sawa?

JIBU: Usipige plasta ndugu yangu, nakuomba sana, mie nimefumua viraka vingi vya hivyo na vyote vinatoka kama ganda la mkate maana chini zege limeshachoka na maji bado yanaingia. Shida yako ni maji. Yakiganda yanavimba kama asilimia 9, yakiwa yamejaa kwenye vitundu vya zege hayana pa kwenda yanapasua, mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena, na chumvi mnayomwaga ndo inazidi kuchokoza.

Subiri joto lipande, lisishuke chini ya nyuzi 5 hata usiku. Chukua nyundo ugonge kuanzia shimoni kwenda nje, panapolia kavu ngangari ni pazima, panapolia kama debe tupu pameachana hata kama kwa macho huoni kitu. Kata na greinda mpaka upite hapo, ukingo usimame wima, kina kama sentimita 5, usiache ukingo mwembamba wa kufifia maana ndo unaoanza kung'oka. Ukikuta ubovu umepita theluthi moja ya unene, acha kiraka, kata kipande kizima mpaka chini ufunge na nondo.

Safisha vumbi lote, lowesha bila kuacha dimbwi, jaza zege lenye dawa ya kuingiza hewa, vile viputo vidogo vya hewa vya asilimia 5 hadi 8 ya zege ndo vinayapa maji nafasi ya kuvimbia. Kwenye jointi simamisha kipande cha foamu kabla ya kumwaga, kiraka kikiziba jointi kitapasuka tu. Funika likae na unyevu wiki nzima.

Baada ya siku kama 28, likiwa kavu, ziba jointi kwa silikoni na upake sila ya saileni, dawa ya kuzuia maji inayozama ndani, siyo ile ya kung'aa juu. Baridi ya kwanza mwaga mchanga, chumvi hapana. Na mbolea za amonia, kuna watu wanayeyushia barafu, msiziguse kabisa, zinakula zege lenyewe.