Sikio moja linagoma kuzibuka nikizama: nifanye nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Nungwi, najifunza kazi ya kuongoza wageni kupiga mbizi. Nikishuka na mtungi, kwenye mita nne hivi sikio la kushoto linauma sana. Nabana pua napuliza kwa nguvu. La kulia linazibuka, la kushoto linagoma. Wenzangu wanasema nikaze tu, litazoea. Juzi nilipopanda nilikuta damu kidogo ndani ya miwani, na hadi leo nasikia kama maji yamejaa sikioni. Kuna dawa ya kuyatoa?

JIBU: Marahaba. Kwanza kabisa, usizame tena mpaka daktari alichungulie sikio hilo. Na usitie kitu ndani: si pamba, si mafuta ya nazi ya uvuguvugu, si matone ya dukani. Yaelekea unachosikia si maji ya bahari. Ngoma ya sikio ikiwa nzima hairuhusu maji kupita. Nyuma yake kuna kijichumba chenye hewa, na ukishuka bila kukisawazisha, hewa ile inasinyaa na ngoma inavutwa ndani. Ngozi laini ya humo nayo inavimba, inatoa majimaji, pengine na damu. Hayo ndiyo yamekujaa. Mafuta hayayafikii, na kama ngoma imetoboka, utakuwa umepeleka vijidudu ndani kwa mkono wako.

Tatizo lako linaanza pale unaposubiri maumivu. Juu ya maji mgandamizo ni ule wa hewa tu; mita 10 chini umeshakuwa maradufu. Shuka na chupa tupu ya maji iliyofungwa kizibo uitazame: mita 10 hewa yake imebaki nusu. Kutoka mita 20 hadi 30 inapungua kutoka theluthi hadi robo tu. Ndiyo maana mtu anateseka mita nne, lakini akishavuka salama, huko chini anatulia.

Sasa, kijichumba kile kinapata hewa kupitia mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Mdomo wa mrija huo ni nyama laini, kwa kawaida umefumba, unafunguka ukimeza mate au ukipiga mwayo. Ukishuka kiasi cha mita moja na ushei bila kuufungua, mgandamizo unaubana kiasi kwamba misuli yake haiwezi tena kuuachanisha. Ukifika mita nne umeshafungwa kabisa. Kupuliza kwa nguvu hapo hakufungui. Kunapandisha mgandamizo kichwani mpaka kwenye sikio la ndani, na kiwambo chembamba cha huko kinaweza kupasuka. Ngoma iliyotoboka mara nyingi hujiziba yenyewe kwa wiki kadhaa. Usikivu uliopotea sikio la ndani unaweza usirudi tena. Kwa hiyo hao wanaokuambia ukaze, usiwasikilize hata kidogo.

Ukisharuhusiwa kuzama, anza kuzibua ukiwa bado juu ya maji, kabla hujatoa hewa kwenye jaketi la kuelea. Shuka miguu ikitangulia, ukishika kamba ya boya, maana kichwa kikiwa chini damu hujaa puani na mrija unazidi kubana. Zibua kila baada ya nusu mita, taratibu. Likigoma, usisubiri palepale: panda mita moja, jaribu tena. Bado? Panda tena. La kushoto ndilo gumu, basi inamisha kichwa bega la kulia ili hilo gumu liwe juu, kisha bana pua na umeze mate.

Kuna na njia aliyoibuni daktari wa Ujerumani, Hermann Frenzel, ambayo naipenda kuliko kupuliza: bana pua, funga koo kama mtu anayenyanyua mzigo, halafu sukuma ulimi nyuma na juu kama unayetaka kutamka “ka”. Kifua hakifanyi kazi yoyote. Jifunze nyumbani mbele ya kioo. Matundu ya pua yakituna, umepatia.

Ukiwa na mafua, pumzika. Najua siku bila kuzama ni siku bila posho, na wageni wanasubiri kwenye boti. Lakini dawa za kuzibua pua zinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hapo hewa inakwama sikioni wakati wa kupanda, ambapo huna hiari ya kubaki majini. Ikikukuta, shuka kidogo, meza mate, panda polepole ukiangalia hewa ya mtungi.

Ukisikia kizunguzungu, mvumo usiokoma au sikio kuzima ghafla baada ya kuzama, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ubebe kompyuta yako ya kuzamia. Dalili hizo zinaweza pia kuletwa na mapovu ya gesi mwilini, na tiba yake ni tofauti. Kina na muda uliokaa chini vitamsaidia daktari kuamua.

Kwa sasa tafuta daktari wa masikio, pua na koo. Muulize kama ngoma imetoboka. Kama ni nzima na imeshapona, mwombe aitazame huku ukibana pua na kumeza mate, aone kama inacheza. Akague pua pia: ikiwa mfupa wa kati umepinda au una mzio wa muda mrefu, hapo huenda ndipo penye sababu ya upande mmoja tu kugoma.