Akiba ya Uzeeni Kutoka Kenya: Iandike, Hata Kama KRA Wameshakata

Juzi dada mmoja aliye Texas aliniandikia: "Dada, nimelipwa akiba yangu ya uzeeni Nairobi na KRA, watoza kodi wa Kenya, wameshakata chao. Kweli niiandike tena kwa ritani ya kodi ya huku?" Nilicheka, kisha kicheko kikakauka. Swali hilohilo lilininyima usingizi mwaka mzima.

Nilifanya kazi Thika miaka kumi na mmoja kabla grinikadi haijanileta hapa Lowell, Massachusetts. Mwaka 2023 nilitimiza miaka 50, nikaomba changu. Shilingi 2,400,000! Ujumbe wa benki ulinikuta kazini, glavu moja bado mkononi, nikausoma mara tatu huku tayari napiga hesabu ya ploti.

Aliyenijazia ritani, ndugu wa kanisani, aliniambia: "Hiyo ni pesa ya nyumbani, usiwachokoze IRS, watoza kodi wa huku." Nikamwamini kwa kuwa ndilo neno nililotaka kusikia. Tena nikamlipa, na soda juu.

Mwaka uliofuata nikaenda kwa mhasibu mwingine. Akauliza, "Una akaunti yoyote nje ya Marekani?" Nikajibu kwa majivuno, ninayo, na ina pesa. Mama wa watu akaweka kalamu chini.

Kumbe mwenye grinikadi hutozwa kodi ya mapato ya dunia nzima. Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kodi mara mbili, na akiba yetu haiji na 1099-R, ile fomu ya malipo ya pensheni ya Marekani, ya kukukumbusha. Unaiandika mwenyewe kwenye Fomu 1040, yaani ritani yenyewe, mstari wa pensheni. Kilichoniuma zaidi ni zile laki sita. Mwaka ule nilipolipwa, Kenya iliachilia bila kodi shilingi 60,000 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho 600,000, nami nikadhani msamaha huo umevuka bahari pamoja nami. Haukuvuka. Michango yangu haikuwahi kukatwa kodi kule, kwa hiyo hapa iliandikwa yote, kama dola 17,000.

Tukarekebisha kwa Fomu 1040-X. Kodi niliyokatwa Kenya ikapunguza sehemu kubwa ya deni kupitia Fomu 1116, ile ya kodi uliyolipa nje, lakini kwanza mdogo wangu alihangaika wiki tatu Nairobi kutafuta karatasi ya makato. Jimbo letu nalo kodi ya Kenya halikuitambua hata senti. Halafu kuna FBAR, ripoti ya akaunti za nje, ambayo haiendi na ritani kabisa: ukiwa na zaidi ya dola 10,000 kwenye akaunti zako zote za nje, hata kwa siku moja, unaripoti mtandaoni. Nilichelewa, nikaeleza sababu, nikangoja barua nikitetemeka.

Jamani, tunajua kujadiliana bei ya mitumba hadi shilingi ya mwisho, ila karatasi yenye sahihi yetu tunamwachia mtu na soda! Omba karatasi ya makato siku ileile unapolipwa. Andika tarehe pesa ilipoingia na bei ya dola siku hiyo. Na mwambie mhasibu kila kitu, hata asipouliza. Nimesema kila kitu.

Dada wa Texas, jibu ni ndiyo, yote, kile kiasi cha kabla KRA hawajakata chao.

Yule ndugu bado anajazia watu ritani pale ukumbini kila Februari. Tunasalimiana.