Betri Ikisoma 1.1, Dogo, Iache

Jumatatu nimemkuta dogo mmoja pale Gerezani, Dar, kaibana betri ya tochi, hizi za lithiamu za kuchaji, kwa vidole viwili, waya mwekundu kichwani, mweusi kitakoni, ncha za upande wa pili kazigusisha kwenye betri nzima. Mita yake inasoma volti 1.1. "Naishtua ifufuke, fundi." Nikamnyang'anya. Alininunia mpaka saa ya chai.

Sasa nawaandikia nyote mlioingia kwenye meza ya ufundi mwaka huu, maana huyo ni wa tatu tangu Ramadhani.

1. Namba zikae kichwani kama namba yako ya siri ya M-Pesa. 4.2 imejaa. 3.7 iliyoandikwa ubavuni ni wastani tu, msikae mnabishana na mteja kwa nini yake inasoma 4. Ikifika 3.0 irudishwe kwenye chaji. Watengenezaji wengine wanaruhusu 2.5, lakini wao wanazungumzia betri mpya, sisi nusu ya mzigo tumeuchomoa kwenye laptopu za watu. Na zile zilizoandikwa 3.2 ni ukoo mwingine, zinajaa kwenye 3.65. Usizitie kwenye chaja ya 4.2 kwa sababu eti umbo ni lilelile.

2. Pima betri ikiwa imetulia. Iliyotoka kwenye tochi inayowaka inapanda yenyewe ikipumzika, na iliyotoka kwenye chaja inashuka kidogo. Halafu angalia betri ya mita yako. Ile ya volti 9 ikichoka, hizi mita zetu za bei ya chini zinasoma juu. Niliwahi kumtukana muuza chaja mbele ya watu kwamba chaja yake inapeleka 4.5. Chaja ilikuwa nzima. Bado ananiuzia, ila hanipunguzii bei.

3. Usishtue betri iliyokufa.

Hapa nikae kidogo. Nilikuwa na miezi mitano mezani, nimeshaanza kuitikia nikiitwa fundi. Akaja mzee mmoja, mlinzi wa godauni, na tochi ya betri mbili zilizofuatana. Aliisahau ikiwaka ndani ya droo, na tochi yenyewe ni zile zisizojizima, zinanyonya mpaka tone la mwisho. Betri moja ilisoma 2.9. Nyingine 0.8. Nikamtajia bei ya mpya, akatazama chini. Nikamwambia, "Mzee wangu, usijali, hii naifufua."

Nikaishtua kama dakika tatu, ikapanda 3.1, chaja ikaikubali. Wakati wa kuchaji ilikuwa ya moto kuliko mwenzake. Nikasema ni joto la bati, Februari ya Dar kila kitu ni cha moto. Jioni zote mbili 4.2. Asubuhi nikapima: nzima 4.18, mfufuliwa 3.93. Betri imelala usiku mmoja tu, haijafanya kazi yoyote, imepoteza yote hayo. Niliona. Siwezi kusema sikuona. Nilichofanya ni kuirudisha kwenye chaja ili mzee akija mita isome vizuri.

Akaja. Shikamoo, marahaba, nikamwekea mita kwa mbwembwe, 4.2, 4.2, nikachukua elfu tatu yake.

Siku ya nne alfajiri karudi, mkono umefungwa kitambaa. Tochi ilikuwa inachaji kibandani kwake, akasikia inafoka, akaishika aichomoe. Kifuniko cha nyuma kimeruka, ndani kumeungua kote. Sasa sikilizeni: iliyopasuka ni ile nzima. Chaja ya tochi ile haijui betri moja moja, inajua jumla, 8.4. Mbovu inavuja, inabaki nyuma kwenye 3.8, basi ile nzima inasukumwa mpaka 4.6 ndipo jumla itimie. Nilikuwa nimemfunga mtu mzima na mgonjwa kwenye kamba moja.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi, si uliniambia nzima?" Ningependa angenitukana.

Kinachotokea ndani ni hiki: betri ikishuka sana, chini ya 2 na kuendelea, karatasi ya shaba iliyomo inaanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba ile inaganda mahali pasipo pake na kutengeneza njia za shoti kwa ndani. Mita haioni shaba. Mita inaona 4.2 na inakuchekea.

Mkono wa mzee umepona, kovu lipo. Mzee bado ni mteja wangu, sijui kwa nini. Nikimwonyesha mita siku hizi anasema, "Iache ilale, nitapita kesho." Ndicho kipimo chenyewe: ijaze, ilaze siku nzima, ikishuka chini ya 4.1 usimuuzie mtu.

4. Betri mbili za tochi moja ziwe za umri mmoja na ukubwa mmoja. Nimeshaeleza kwa nini.

5. Iliyoandikwa ujazo wa mAh 9900 ni uongo. Kwa umbo hili la milimita 18 kwa 65, nzuri kabisa utakazokutana nazo ni 3500 hivi. Ipime kwenye mizani ya muuza dhahabu: halisi inakaribia gramu 45, nyepesi mno ujue umeuziwa ganda.

6. Za kuweka akiba zikae 3.7, mahali pa baridi. Ukizijaza na kuziacha kwenye joto hili zinazeeka zikiwa zimekaa. Na usitembee nazo mfukoni pamoja na funguo, tafadhali, hasa wewe unayejijua.

Dogo, ile yako ya 1.1 nimeifunga tepu kichwa na kitako, iko kwenye kopo la mchanga chini ya meza yangu. Usiifuate.