Kwa nini Theseus alisahau tanga?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Binti yangu wa darasa la nne amesimuliwa kisa cha Theseus, aliyemuua mnyama wa Krete akarudi kwao salama, halafu baba yake akafa kwa sababu ya tanga la meli. Kila tukikitaja analia. Nimwambie nini? Mimi mwenyewe sikijui vizuri.
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mfalme Minos wa Krete, kisiwa cha Ugiriki, alifiwa na mwanawe, Androgeos, aliyeuawa katika nchi ya Athens. Kwa kulipiza, akawatoza watu wa Athens wavulana 7 na wasichana 7 kila baada ya miaka 9. Waliliwa na Minotauro, kiumbe mwenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali, aliyefungiwa katika jengo la vichochoro alilolijenga fundi Daedalus. Mara ya tatu Theseus, mwana wa Mfalme Aegeus wa Athens, akajitolea kwenda. Meli ilitweka tanga jeusi la msiba. Baba akampa na jeupe: ukishinda, rudi na hili, nikuone ungali mbali.

Huko Krete, Ariadne binti Minos alimpenda, akampa donge la uzi. Nilipokuwa nafundisha, hapa nilitoa donge la sufu nyekundu, nikafunga ncha kwenye mguu wa meza, nikamfunga mtoto mmoja kitambaa machoni. Anapita kati ya madawati akiuachia uzi kidogo kidogo. Darasa kimya. Kurudi, anaukunja huku vidole vinatetemeka, mpaka aiguse meza. Hapo hata wa dawati la mwisho anaelewa: bila Ariadne, Theseus angemuua yule mnyama, kisha naye akafia humo humo. Inaniuma mpaka leo kwamba alimwacha binti huyo, aliyeondoka naye Krete, kisiwani Naxos, tena akiwa usingizini.

Sasa tanga. Wasimulizi wa kale hawasemi kitu kimoja. Wapo wanaosema Theseus alikuwa na majonzi ya kumkosa Ariadne. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasema furaha ya kuiona nchi yao iliwasahaulisha, yeye na nahodha wake. Mimi nashika hilo la furaha, maana mtoto analijua: katumwa chumvi, njiani akakuta wenzake wanacheza. Theseus hakumchukia baba yake, na hilo ndilo binti yako anahitaji kusikia kutoka kwako.

Mzee alikuwa juu ya Akropoli, kilima cha mawe cha Athens, macho baharini. Likatokea tanga, jeusi. Akajitupa.

Usimbadilishie mwisho, mama, wala usimnyamazishe. Anamlilia baba aliyengoja, na ana haki. Akishatulia, mfungulie ramani umwonyeshe bahari iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki. Ndiyo Aegea. Wagiriki walisimulia kwamba ilipewa jina la mzee huyo.